Ng'ambo ya Ziwa: Habari za Cleopatra Kambugu

Watu wa Bukima, na wa Musoma, Bunda na Butiama kwa jumla, si wageni wa habari za nyumba ntobhu, desturi ya mkoa wa Mara ijulikanayo hasa kwa Wakurya. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, akaoa mwanamke mwenziwe, na watoto wazaliwao huwa warithi wa nyumba yake. Mgeni aisikiapo habari hii nusu huweza kuicheka. Lakini mwenye nyumba akimweleza, hufahamu kuwa ni jambo la urithi. Basi twaona kwamba habari ya mtu hubadilika kwa kadiri ya msimulizi wake.

Nchini Uganda, ng'ambo ya Ziwa, jambo hilo lilidhihirika kwa Cleopatra Kambugu. Alipozaliwa alihesabiwa mwanamume, naye akajijua kuwa ni mwanamke. Hali yake si ile ya nyumba ntobhu, wala haifai kuzichanganya. Linalofanana ni swali la msimulizi. Mwezi wa Desemba 2013 Bunge la Uganda lilipitisha sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na Rais Museveni akaitia sahihi tarehe 24 Februari 2014. Katika majira hayo gazeti moja lilimtangaza Cleopatra hadharani, ikambidi aihame nchi yake na kukimbilia Kenya. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliitangua sheria hiyo, kwa kuwa ilipitishwa bila akidi ya wabunge kutimia. Lakini hukumu hairudishi maisha yaliyokwisha kuvunjwa.

Hapo ndipo filamu ilipofaa. Jonny von Wallström, Mswidi, aliongoza The Pearl of Africa, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2016. Cleopatra hakuwa mwongozaji. Yeye alitoa maisha yake yenyewe: mapenzi yake na mwenzi wake, dhiki ya uhamishoni, na safari ya Thailand kwa ajili ya upasuaji. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Gazeti lilimsema, katika filamu alisema mwenyewe.

Mwaka 2021 serikali ya Uganda ilimpa kitambulisho kinachomtaja kuwa mwanamke. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba shida ilikoma. Mwaka 2023 ilitungwa sheria nyingine, kali kuliko ile ya kwanza, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaiacha sehemu yake kubwa isimame. Serikali iliyomtambua mmoja kwa karatasi imewatia hofu wenziwe wengi kwa karatasi nyingine.

Atakayeandika historia ya miaka hiyo atakuta sheria, hukumu na magazeti tele. Yampasa aitazame na filamu hiyo, maana humo ndimo ulimo ushahidi wa yule aliyesemwa.