Nyanya za bila udongo: lishe wakati wa kuchanua

Nyanya inayokuzwa kwenye maji yenye virutubisho hula kile tu unachoiwekea. Inapochanua, naitrojeni ikizidi hustawisha majani, maua yakadondoka. Tunashauri uipunguze kidogo na kuongeza potasiamu, inayojaza tunda. Kalsiamu isikosekane wala maji yasikatike, la sivyo nyanya huoza kitako.

Usichanganye mbolea ya kalsiamu na zenye salfeti au fosfeti zikiwa bado nzito, kwani zitaganda chini. Yeyusha kila moja kwenye ndoo yake, kisha zimimine kwenye maji mengi. Kipimo cha pH kiwe 5.5 hadi 6.5.

Hapa Ufipa, baridi ya usiku wa Juni na Julai nayo huangusha maua. Funika mimea kwanza. Mbolea haitibu baridi.