Afe Punda, Mzigo Ufike: Wapagazi Waliosahauliwa wa Katwe

Juni 2026 inatimia miaka 120 tangu Duke wa Abruzzi, wa ukoo wa kifalme wa Italia, akwee kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori. Yeye ndiye aliyeyapa makundi ya vilele vya milima hiyo majina tunayoyasoma kwenye ramani: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Katika majina hayo hakuna la mpagazi hata mmoja.

Waingereza husema kumchapa farasi aliyekwisha kufa ni kujichosha bure. Huku kwetu farasi hakupata makazi, kwa kuwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o ulimuua upesi. Methali zetu zikamchukua punda, na mzigo ukabaki kichwani mwa mtu. Ndiyo maana "afe punda, mzigo ufike" si maneno ya punda. Ni sauti ya mwenye mzigo, na hakuna kisa kinachoyaeleza vizuri zaidi ya msafara uliopita Katwe, wilayani Kasese, Uganda, mwaka 1889.

Msafara huo tunaujua hasa kupitia kitabu cha kiongozi wake, mpelelezi Henry Morton Stanley, kilichotoka mwaka 1890. Aliondoka Zanzibar Februari 1887 na wapagazi zaidi ya 600 wa huko, kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria aliyekatiwa njia na vita vya Mahdi nchini Sudan. Badala ya kukata moja kwa moja kutoka pwani, walizunguka kwa meli hadi mdomo wa mto Congo, kisha wakapenya msitu wa Ituri. Walibeba risasi, bunduki ya Maxim na mashua ya chuma iliyofunguliwa vipande vipande. Walioachwa nyuma Yambuya kulinda shehena walikufa kwa wingi. Njaa iliwafanya wale muhogo mchungu bila kuuloweka, ukawaua.

Aprili 1888, Stanley alikutana na Emin kando ya Ziwa Albert. Mwokoaji alikuwa hoi, nguo zimemchakaa. Aliyefuatwa kuokolewa alikuwa na mavazi safi na chakula, na hakutaka kuondoka. Karibu mwaka mzima ulipita. Hatimaye Aprili 1889 msafara uliondoka Kavalli, karibu na ziwa hilo, ukateremka chini ya Rwenzori hadi nyanda za Busongora, upande uleule anaoingilia leo mfanyabiashara atokaye Congo kupitia miji ya mpakani ya Mpondwe na Bwera. Juni walifika Katwe, kwenye ziwa la chumvi lililokuwa mikononi mwa askari wa Kabalega, Mfalme wa Bunyoro. Stanley aliisifu chumvi hiyo, na miaka miwili baadaye afisa Mwingereza Lugard akaja kuiteka Katwe na kujenga ngome.

Desemba 1889 waliingia Bagamoyo. Usiku wa karamu, Emin alianguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu. Alipopona aliingia kazini kwa Wajerumani, akarudi bara mwaka 1890, na miaka miwili baadaye akauawa Congo. Wapagazi waliorejea Zanzibar hawakufika nusu ya walioondoka. Waliokufa walikufa kwa ajili ya mtu ambaye hakutaka kuondoka. Kama huko si kutwanga maji kinuni, sijui ni nini. Fadhila za punda ni mateke, lakini hapa mateke yalimrudia punda mwenyewe.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kuchukua shaba ya mgodi wa Kilembe, na leo njia hiyo imekufa. Miaka ya 1970 Wajerumani walijenga kiwanda cha chumvi Katwe, na mabomba yakaliwa na maji ya ziwa lenyewe. Wachimbaji wakaendelea kwa mikono. Mpaka sasa mwanamume husimama katika maji yale makali, akavunja tabaka la chumvi kwa mtaimbo na kulisukuma ufukweni kwa chelezo. Ngozi yake hupasuka, na faida kubwa humwendea mwenye lori.

Kwa hiyo naona uchungu tunapoitumia methali ya "afe punda, mzigo ufike" kuwasifu vijana wanaobeba magunia mpakani. Kazi ngumu ina heshima yake, lakini methali inatufunza kwanza kuuliza: mzigo ni wa nani, na ukifika atakula nani? Walimu wa Kiswahili wa Bwera na Kasese waifundishe hivyo, pamoja na kisa cha 1889.

Na wilaya ya Kasese, inayojivunia mlima uliobeba jina la Stanley, isimamishe jiwe la kumbukumbu kando ya Ziwa Katwe kwa wapagazi wa Zanzibar na kwa wachimba chumvi. Zaidi ya miaka 130 ya kuwasahau inatosha.