RDC: Dawa za kuzuia mimba, kutoka amri ya 1933 hadi kwa wanafunzi wa leo

Mwaka 1933, utawala wa kikoloni wa Ubelgiji ulitoa amri iliyokataza kutangaza na kuuza vitu vya kuzuia mimba katika Kongo. Ubelgiji wenyewe ulikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1923. Huku Kongo kulikuwa pia na sababu ya kazi: wakoloni waliogopa kwamba watoto wanaozaliwa ni wachache, na migodi na mashamba yangekosa watu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, amri hiyo haikufutwa. Ilibaki ndani ya sheria za makosa ya jinai.

Mwishoni mwa mwaka 1972, Raisi Mobutu alizungumzia hadharani jambo aliloita uzazi unaotamaniwa. Hakusema watu wazae kidogo. Alisema kila mtoto azaliwe akiwa anatakiwa. Mwaka 1973 kamati ya taifa iliundwa, na mwaka 1982 ukaanza mradi wa kupeleka huduma hizo katika miji mingi ya Zaire, kwa msaada wa Marekani. Hivyo serikali ilikuwa inatoa kwa mkono mmoja kitu ambacho sheria yake ilikataza kutangazwa.

Huduma hizo zilimlenga hasa mama mwenye ndoa, anayetaka kuachanisha vizazi. Msichana wa chuo kikuu, asiye na bwana wala mtoto, hakuwa na mahali pake kwenye foleni ile. Kisha ikaja Septemba 1991: askari walipora Kinshasa, wafadhili wakaondoka, na vituo vingi vikakosa dawa. Vita vya 1996 na 1998 viliongeza shida.

Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha matokeo yake: kati ya wanawake 100 walio katika ndoa, karibu 8 tu ndio walikuwa wanatumia njia za kisasa. Kwa vijana wasiooa wala kuolewa, kondomu, kidonge cha dharura na kuhesabu siku ndizo njia zinazojulikana sana, kwa sababu hazimlazimishi mtu kujieleza mbele ya muuguzi. Lakini kuhesabu siku kunadanganya mara nyingi, na kidonge cha dharura hakimkingi mtu na ukimwi.

Mwaka 2015, jambo jipya lilijaribiwa Kinshasa. Wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi walifundishwa kudunga sindano ya Sayana Press, inayokinga kwa miezi mitatu, na kuitoa mitaani. Kijana aliyesahauliwa kwenye foleni sasa ndiye aliyekuwa anatoa huduma.

Sheria ya afya ya Desemba 2018 ilikwenda mbali zaidi: inakubali kwamba mtu mwenye umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kuzuia mimba kwa hiari yake. Miaka 85 ilikuwa imepita tangu amri ya mkoloni.

Hata hivyo, sheria haiondoi haya iliyokwisha kuota mizizi. Mwanafunzi akiingia kituo cha afya na kuulizwa kwanza, “Bwana yako ni nani?”, atarudi nyumbani mikono mitupu. Mimba isiyotarajiwa ikija, ni masomo yake yatakayosimama, si ya yule aliyemuuliza.