Gololi
Mtoto wa Bariadi akisikia gololi, anawaza zile za kioo za kuchezea mchangani. Fundi baiskeli wa mtaa huohuo anawaza za chuma, zinazopakwa grisi ndani ya habu. Zikilika, atasema ni gololi. Kikombe chote kikiharibika, atakwambia “beringi imekufa”.

Beringi ya ubao wa magurudumu, ule wa kuteremkia milima, kwa kawaida ina gololi saba na tundu la milimita 8. Wauzaji husifia za kauri. Mimi ningeuliza kwanza kuhusu gurudumu: dogo na gumu hukwama kwenye kokoto, kubwa na laini hupita. Waendesha chukudu (skuta za mbao) wa Goma, wanaovisha magurudumu ya mbao mpira wa tairi, hawahitaji kuelezwa hilo.