Kugawa au kupasha?

Kijana mmoja, fundi wa mitandao, aliniuliza juzi: "Mzee, ile kazi ya kuchukua njia za OSPF na kuziingiza kwenye BGP tuiiteje? Kitabuni wameandika kugawa upya."

Nikakuna kichwa. OSPF na BGP ni itifaki, yaani lugha ambazo ruta hutumia kuelezana njia. Kugawa kuna hesabu ndani yake: ukigawa mkate, wako unapungua. Njia hazipungui. Ruta ikiiambia BGP ilichokisikia kwa OSPF, bado inacho chote. Huko ni kupasha habari, kama tunavyopashana barazani. Na si kila la chumbani hupelekwa barazani. Februari 2008 Pakistan Telecom, katika kuifungia YouTube nchini mwake, iliweka njia ya kuelekea shimoni. Njia ile ikavuja hadi kwa PCCW, mtoa huduma wake wa nje, naye akaipasha dunia. Kwa takriban saa 2 YouTube ikapotea sehemu nyingi za ulimwengu.

Halafu vipimo, maana kila itifaki hupima njia kwa namna yake. RIP, itifaki nyingine, huhesabu ruta za kupita, na kwake 16 maana yake hapafikiki. OSPF huhesabu gharama, na kwake 20 ni kitu kidogo tu. Ukiipa RIP hiyo 20 ilivyo, itaona njia imekufa. Ndiyo maana fundi huandika kipimo kipya pale mpakani.

Neno jingine, kuchuja njia, halikuleta ubishi. Nani hajashika chujio la chai?

Kijana amelikubali "kupasha". Wenzake kazini, ananiambia, wanaendelea na "kuridistribiuti".