Mkanda wa picha za rangi umetoka vibaya? Usome kabla ya kuutupa

Bado zipo nyumba ambako ndani ya sanduku la bati kuna mkanda wa picha uliopigwa miaka ya tisini na haukuwahi kusafishwa. Huenda ndani yake imo harusi, au sura ya mzee aliyefariki bila kuacha picha nyingine. Studio nyingi sasa hutumia kamera za kidijitali, hivyo baadhi ya watu huagiza dawa na kusafisha wenyewe nyumbani. Picha zikitoka vibaya, hukata tamaa na kuutupa mkanda. Tunaeleza hapa namna ya kujua kosa limetokea wapi, kwa sababu baadhi ya makosa hurekebishika.

Kazi inavyokwenda

Angalia kwanza maandishi kwenye kopo la mkanda. Mikanda mingi ya rangi ina alama C-41, utaratibu ulioletwa na kampuni ya Kodak mwaka 1972. Dawa ya kwanza hutoa picha, kwa kawaida ikiwa na joto la nyuzi 38 za Selsiasi kwa dakika 3 na sekunde 15. Dawa ya pili huondoa madini ya fedha yaliyobaki. Katika seti nyingine kazi hii hufanywa na dawa mbili. Kisha mkanda huoshwa kwa maji na kumaliziwa kwa dawa ya kulinda rangi.

Negativu nzuri huwa na rangi ya chungwa. Hilo si kosa.

Dalili na sababu zake

Mkanda mtupu, lakini namba za pembeni zinasomeka: dawa imefanya kazi. Yaelekea mkanda haukuzunguka ndani ya kamera, au haukupigwa picha.

Mkanda mtupu, na namba hazipo: dawa ya kwanza imeharibika, au umeanza na dawa ya pili kimakosa.

Mkanda mweusi wote: mwanga umeingia. Mkanda wa rangi hauvumilii hata taa nyekundu. Unapouingiza kwenye tangi, giza liwe totoro na simu ibaki nje ya chumba.

Picha hafifu, kama zimefifia: dawa ya kwanza ilikuwa ya zamani, ilipoa, au muda haukutosha. Mkanda wenyewe ukiwa umekaa miaka mingi, nao hufifia na rangi zake huhama.

Picha nzito kupita kiasi: dawa ilikuwa ya moto mno au muda ulizidi.

Mkanda una ukungu, rangi zimefubaa na kuwa za matope: dawa ya pili haikumaliza kazi.

Mabaka yasiyo na picha: mkanda uligusana wenyewe kwenye gurudumu la tangi. Hakikisha gurudumu ni kavu kabisa kabla ya kuuviringisha.

Madoa ya maji na vumbi: tatizo ni uoshaji na ukaushaji. Kwa anayeishi karibu na barabara ya malori pale Tunduma, asianike mkanda dirishani.

Baridi ya nyanda za juu

Tunduma, Vwawa na maeneo mengi ya Mbozi yako juu, na miezi ya Juni na Julai baridi ni kali. Dawa iliyopashwa hadi nyuzi 38 hupoa upesi ikimiminwa kwenye tangi la baridi. Weka chupa za dawa na tangi ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na uwe na maji ya moto kwenye chupa ya chai ya kuongezea. Pima kwa kipimajoto, kidole hakitoshi.

Kinachorekebishika

Kosa la dawa ya kwanza halirudi nyuma. Lakini mkanda wenye ukungu unaweza kurudishwa kwenye dawa ya pili iliyo nzima, ukaoshwa tena na kumaliziwa upya. Madoa ya maji nayo mara nyingi hutoka kwa kuosha tena. Hata negativu hafifu usiitupe: imulike kwa mwanga mweupe kutoka nyuma, ipige kwa simu, kisha geuza rangi kwa programu ya picha.

Jaribu kabla

Mkanda wa pekee usiwe wa kujifunzia. Chukua vipande viwili vya mkanda mwingine. Kimoja kitie kwenye dawa ya kwanza iliyopashwa, kukiwa na mwanga wa kawaida: kinapaswa kuwa cheusi ndani ya muda ule ule wa kazi. Cha pili kitie moja kwa moja kwenye dawa ya pili: kinapaswa kubaki kinapitisha mwanga. Kimojawapo kikishindwa, usiguse mkanda wa mzee.

Usalama

Vaa glavu na fungua madirisha mara mkanda ukishafungwa kwenye tangi. Usitumie vyombo vya kupikia, wala usihifadhi dawa kwenye chupa za soda ambazo mtoto anaweza kuzinywa. Dawa iliyotumika usiimwage kisimani wala mtoni. Iweke kwenye dumu lenye maandishi na umuulize afisa mazingira wa halmashauri yako.

Kama huna kipimajoto, au dawa imefeli jaribio, acha mkanda ndani ya kopo lake, mahali pakavu na pa baridi. Mkanda ambao haujasafishwa bado una nafasi.