Nasaba za Ukambani: ukoo unaohesabiwa kwa njaa

Mzee wa Kitui akiulizwa alizaliwa lini, huenda asitaje mwaka. Atasema ni mtoto wa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, na anayejua mambo ataelewa mara moja kwamba ni 1961. Mwaka huo ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikadondoshwa kutoka angani. Ndugu yake mdogo atakuwa wa Yua ya Atta, katikati ya miaka ya 1960, iliyopewa jina la unga wa msaada. Mtoto wa huyo mdogo naye ni wa Nikwa Ngwete, ile ya 1984, ambapo mtu alikuwa na pesa mkononi lakini dukani hakuna cha kununua.

Kalenda hii ndiyo ufunguo wa historia ya familia katika Kaunti za Kitui na Makueni. Mtafiti wa nasaba huko Marekani huanzia mahakama ya kaunti yake. Humo hukuta wosia, hati za mashamba na vyeti vya ndoa, kisha huenda kwenye sensa iliyofanywa kila baada ya miaka 10 tangu 1790. Kwetu, sensa ya kwanza ya maana ilifanyika 1948. Kabla ya hapo kuna kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, kilichowekewa sheria 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini hicho kilikuwa cha wanaume tu. Kuna pia vitabu vya ubatizo. Wamisionari Wajerumani walifika Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890 na baadaye Mulango; Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alipiga kambi Nzaui, Makueni, mwishoni mwa 1895 na kufariki mwaka uliofuata. Hata hivyo waliobatizwa mwanzoni walikuwa wachache mno. Anayetaka kurudi nyuma zaidi hana budi kuketi na wazee na kuhesabu njaa.

Njaa inayokumbukwa kuliko zote ni Ngomanisye, ya miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mvua ilikosekana misimu mfululizo, ndui ikaingia, na ng'ombe walikuwa tayari wamepukutika kwa sotoka mapema katika muongo huo. Wakati huohuo reli ilikuwa inapita Kibwezi kuelekea Nairobi ikibeba mchele, ndiyo maana wengine huiita njaa ya magunia. Kwa mwanahistoria wa familia, Ngomanisye ni kama ukuta. Watoto wengi walipelekwa kwa jamaa wa mbali au kwa majirani Wakikuyu ili wapate kula, na baadhi hawakurudi. Ukoo ukikatika ghafla katika masimulizi ya mzee, muulize kwanza kuhusu miaka hiyo.

Nyuma ya ukuta huo masimulizi hayazungumzi tena juu ya mtu mmoja mmoja. Yanazungumzia mbai, yaani ukoo mkubwa. Simulizi ya asili inasema Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya jabali la Nzaui, na alama zilizo kwenye mwamba huonyeshwa hadi leo kuwa nyayo zao na za mifugo yao. Wanahistoria husimulia safari ndefu zaidi, kutoka nyanda zilizo karibu na Kilimanjaro, kupitia Chyulu na Nzaui, hadi milima ya Mbooni, ambako Wakamba walikuwa wametulia kufikia karne ya 17. Mbooni ilikuwa na maji na udongo mzuri, lakini ilijaa. Katika karne ya 18 baadhi ya watu walivuka mto Athi kuelekea mashariki, na ndivyo Kitui ilivyopata watu wake.

Ndiyo maana Aombe, Atangwa, Anzauni, Aiini, Amutei na Akitutu wanapatikana pande zote mbili za Athi. Mpaka wa kaunti haukugusa udugu wao, wala kutengwa kwa Makueni na Machakos 1992. Kijana wa Mwingi, Kitui, akimpenda msichana wa Wote, Makueni, swali la kwanza la wazee litakuwa ni wa mbai gani, na wakiwa wa mmoja mazungumzo huishia hapo. Mbai hizi si kumbukumbu tu. Zina wenyeviti, zinafanya mikutano na kuchangisha pesa za mazishi na karo, na wanasiasa wanazijua vizuri sana.

Kitui iliingia katika vitabu vya Ulaya kupitia mtu mmoja, Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekuwa Rabai, alimfuata hadi kwake, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kutokea Kitui. Alirudi 1851. Safari hiyo walishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akatangatanga peke yake porini huku watu wa Kivoi wakimlaumu kwa kifo hicho. Tunamkumbuka Krapf kwa mlima. Binafsi naona Kivoi ndiye aliyestahili sura ndefu zaidi katika vitabu vya shule.

Baadaye Charles Dundas, ofisa wa utawala, alichapisha historia ya Kitui 1913, na Gerhard Lindblom wa Uswidi, aliyeishi Ukambani 1911 na 1912, akatoa kitabu kinene juu ya Wakamba. Wazee waliokuwepo wakati huo walikuwa wameiona Ngomanisye kwa macho yao, kwa hiyo kazi hizo bado zinafaa, alimradi zisomwe kwa tahadhari.

Sasa tufike penye ugumu. Wanaotuma mate yao maabara za ng'ambo kupimwa DNA hudhani nasaba ni damu. Ukambani ukoo umejengwa kwa mahari na jina. Mwanamke asiyejaliwa mtoto aliweza kumtolea mahari mwanamke mwenzake, anayeitwa iweto, na watoto wa iweto wakawa wa mume wa yule aliyeoa, wakarithi ardhi na jina lake. Kijana akifa kabla ya kuoa, wazazi waliweza kumwolea mke ili jina lisipotee. Mtoto aliyezaliwa hivyo ni mwana halali wa marehemu, na maabara haitamjua babu yake. Mahakama zetu zinalielewa hili kuliko kompyuta: katika kesi za urithi za Wakamba huulizwa kama ntheo, mbuzi wa kufunga ndoa, ilifanyika. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa ya wanawake wawili katika kesi ya familia ya Wanandi, ikamkubali mke kuwa mrithi.

Upande wa Makueni kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya nyanda zake ilikuwa pori la mbung'o, na ilianza kufyekwa na kugawiwa watu baada ya Vita vya Pili, chini ya mpango wa serikali ya kikoloni. Walioteremka walitoka milimani kulikosongamana, Mbooni na Kilungu na kwingineko. Mtu anaweza kusema kwao ni Makueni bondeni, ilhali kaburi la babu wa babu yake liko mlimani, kwenye shamba la mtu mwingine.

Pengo baya zaidi ni la wanawake. Kipande hakikuwajali, na orodha za mbai huruka kutoka baba kwenda mwana. Syokimau, nabii anayesimuliwa kuwa alitabiri reli, anatajwa hadi leo, lakini nyanya zetu wengi hawana hata mstari mmoja.

Kwa hiyo, ukienda nyumbani Desemba hii, usiulize tu babu alikuwa nani. Uliza nyanya alitoka mbai gani, ni nani aliyemtolea mahari, kama kulikuwa na iweto katika musyi wake, yaani boma lake, na walihama wakati wa njaa ipi. Andika jina la njaa hiyo kwa Kikamba; mwaka utatafutwa baadaye. Uliza mwaka huu, kwa sababu waliozaliwa Yua ya Ndeke wenyewe wamevuka miaka 60.